Msitu Uliopotea Mwezi wa Tisa

Ramani ya kwanza niliyokichorea kijiji cha upande wa mama yangu, wilayani Sikonge, ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya msitu wa kusini imekwisha. Niliibandika kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji asubuhi ya siku ya mkutano, kijani kikiwa ni miti na kahawia ikiwa ni ardhi tupu, na kahawia ilikuwa nyingi kuliko kijani. Watu waliisogelea, wakaitazama, wakaguna. Mjomba wangu, ambaye amerina asali katika pori hilo tangu kabla sijazaliwa, alikuja wa mwisho, akavaa miwani, akaweka kidole katikati ya ile kahawia na kuniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Picha hii, mama, ilipigwa mwezi gani?"

Nilimjibu kwamba ilipigwa mwezi wa tisa. Nilijibu kwa kujiamini kabisa, kwa sababu mwezi wa tisa anga la Tabora huwa jeupe na picha ile haikuwa na hata wingu moja. Niliichagua kwa sababu hiyo hiyo. Mjomba akavua miwani. "Mwezi wa tisa," akasema, akiwageukia wazee wenzake badala ya kunigeukia mimi, "hata mimi nikisimama chini ya mti wa mtundu sipati kivuli." Wakacheka, na mwenyekiti akaomba tuendelee na ajenda nyingine.

Nilikuwa na cheti, nilikuwa na kompyuta, na nilikuwa na picha zilizopigwa kutoka kimo cha zaidi ya kilomita 700. Nilichokosa ni kalenda ya miti. Tangu siku ile nimechora ramani nyingi za mapori ya miombo ya Tabora na chache za Kigoma, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyoamini kwamba katika nchi yetu hii swali la tarehe hutangulia swali la chombo. Mtu anaweza kuwa na setilaiti bora kuliko zote na akaandika uongo mtupu, iwapo amechukua picha wakati miti imevua nguo.

Inafaa kwanza nieleze setilaiti inaona nini, kwa sababu wengi wetu tunadhani ni kamera tu iliyopandishwa juu sana. Setilaiti hupima mwanga wa jua ulioigonga ardhi na kurudi angani, na huugawa mwanga huo katika bendi: bluu, kijani, nyekundu, kisha zile ambazo jicho la binadamu halizioni, kama infraredi ya karibu. Jani bichi lina tabia mbili zinazolitambulisha. Klorofili yake hunyonya mwanga mwekundu kwa ajili ya kutengeneza chakula cha mmea, na chembe za ndani yake huurudisha mwanga wa infraredi ya karibu kwa wingi. Kwa hiyo ukichukua kipimo cha infraredi, ukatoa kipimo cha nyekundu, kisha ukagawa kwa jumla ya vipimo hivyo viwili, unapata namba iliyo kati ya hasi moja na moja, ambayo wataalamu huiita kielezo cha ujani. Maji mara nyingi huwa chini ya sifuri, udongo mtupu huwa juu kidogo ya sifuri, na mwavuli mzito wa majani hupanda kuelekea 0.8 au 0.9. Hesabu hiyo nzuri na rahisi imetumika tangu miaka ya 1970. Hata hivyo, kinachopimwa hapo ni jani. Shina halimo, mzizi haumo, na neno "msitu" halimo kabisa.

Miombo sasa. Jina hilo, ambalo limechukuliwa kutoka lugha zetu za Kibantu na kuingia katika vitabu vya dunia nzima, huhusu pori linalotawaliwa na miti ya jamii za Brachystegia na Julbernardia, ambayo huenea kuanzia kwetu hadi Zambia, Kongo, Angola, Msumbiji, Malawi na Zimbabwe. Mvua ya Tabora hunyesha msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne. Baada ya hapo pori huanza kukauka taratibu. Nyasi hutangulia, majani ya miti hufuata, na kuanzia mwezi wa saba hadi wa tisa miti mingi hubaki matawi matupu, huku ardhi chini yake ikiwa na majani makavu au, mara nyingi zaidi, majivu ya moto wa kiangazi. Kisha hutokea jambo ambalo mgeni huliona kama muujiza. Kabla tone la mvua halijaanguka, miombo huanza kuchipua, na majani yake machanga hutoka mekundu, ya rangi ya shaba, kana kwamba pori zima limekumbuka moto. Mjomba huzijua wiki hizo kwa sababu maua ya mtundu huja karibu na majani hayo, na nyuki huanza kuhangaika. Setilaiti huziona kwa taabu: jani jekundu halijawa na klorofili ya kutosha, na mwanga ambao lingeunyonya linaurudisha. Kielezo cha ujani husita, hupanda nusu, na kompyuta iliyofundishwa kwamba msitu ni kijani hubaki njia panda.

Picha yangu ilikuwa ya wiki ya pili ya mwezi wa tisa. Ilikuwa safi kama maji ya kisima, na haikuwa na faida yoyote.

Mtu atasema, basi piga picha masika, miti ikiwa na majani yote. Nilijaribu. Kwanza, masika hakuna picha. Kuna mawingu na vivuli vya mawingu, na kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa tatu unaweza kukaa wiki nyingi bila kuiona ardhi vizuri. Pili, hata siku mawingu yanapofunguka, kila kitu ni kijani: mahindi ni kijani, tumbaku ni kijani, majani ya mbuga yanayomfikia mtu kifuani ni kijani kuliko miti yenyewe. Ramani ya mwezi wa pili hukuonyesha kwamba Tabora yote ni msitu, pamoja na mashamba ya Urambo na mbuga za Igunga, jambo ambalo huwafurahisha wanasiasa na halimsaidii mtu mwingine. Dirisha zuri ni jembamba: kuanzia mwishoni mwa mwezi wa nne hadi mwezi wa sita, wakati anga limeanza kusafika, nyasi zimekuwa manjano, mazao yamevunwa au yanakauka, na miti bado imeshikilia majani yake. Wiki hizo mti na nyasi huachana kwa rangi, na hata mtu asiyejua kompyuta huweza kuonyesha kwa kidole lilipo pori na lilipo shamba.

Njia iliyo bora kuliko kuchagua wiki moja ni kutazama mwaka mzima, pikseli kwa pikseli, yaani kila kijimraba kinachounda picha, na kuuliza jinsi ujani wake ulivyopanda na kushuka. Shamba la tumbaku hupanda kwa kasi baada ya miche kuhamishwa na hushuka ghafla majani yanapochumwa. Mbuga hupanda na mvua na kuanguka nayo. Miombo huchelewa kushuka na huanza kupanda kabla ya mvua, na dalili hiyo ya kuchipua katikati ya ukame ndiyo sahihi yake. Kwa hiyo mwezi ulioniaibisha unageuka kuwa shahidi mzuri, mradi asisimame peke yake.

Uwezo wa kutazama mwaka mzima ni wa juzi juzi. Setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat ilirushwa na Marekani mwezi Julai 1972, na pikseli zake zilikuwa kubwa. Landsat 5, iliyorushwa mwezi Machi 1984, ilileta pikseli ya mita 30 kwa mita 30 katika bendi zake nyingi na ikaendelea kufanya kazi hadi 2013, maisha marefu ambayo hakuna aliyeyatarajia. Lakini kuwapo kwa setilaiti angani hakukuwa na maana kwamba picha ya Sikonge ipo. Katika miaka ile picha zilikuwa bidhaa ya kuuzwa, na kwa sehemu nyingi za Afrika zilipigwa chache, kwani hakukuwa na mnunuzi aliyezisubiri. Landsat 7 ilirushwa mwaka 1999. Tarehe 31 Mei 2003 kioo chake cha kusahihisha mistari kiliharibika, na tangu hapo kila picha yake ilipoteza takriban asilimia 22, ikawa na michirizi kama ya pundamilia. Kisha mwaka 2008 Marekani ikaamua kwamba hazina yote ya Landsat itolewe bure. Picha moja iliyokuwa ikigharimu dola 600 hivi ikawa haina bei. Sijui kama kuna uamuzi mwingine wa ofisini uliowasaidia wachora ramani wa mikoani kuliko huo. Landsat 8 ilifuata 2013 na Landsat 9 mwaka 2021, na zote mbili kwa pamoja hupita juu yetu kila baada ya siku 8. Wazungu wa Ulaya nao wakaleta Sentinel-2, ya kwanza mwaka 2015 na ya pili 2017, zenye pikseli ya mita 10 na marudio ya siku 5 hivi.

Ukubwa wa pikseli si jambo la mapambo. Mkulima wa Tabora hupima shamba kwa ekari, na ekari moja ina mita za mraba 4,047. Kwa pikseli ya mita 30, ekari hiyo ni pikseli nne na nusu tu, na kwa kuwa mipaka ya shamba haifuati mistari ya setilaiti, pikseli zote nne zinaweza kuwa nusu shamba na nusu pori. Kwa Sentinel-2 ekari hiyo hiyo ina pikseli 40. Mkoa wetu haukatwi kwa trekta za kampuni kubwa kama sehemu nyingine za dunia. Hukatwa ekari mbili hapa na tatu pale, na mkulima anayefungua shamba jipya la tumbaku mara nyingi huacha miti michache ya kivuli au ya kuni za bani, yaani banda la kukaushia tumbaku. Aliyezoea ramani za Brazili, ambako shamba moja huonekana kama uwanja wa ndege, hupita juu ya Kaliua asione kitu.

Kuna suala la mishono pia, ambalo halizungumzwi sana. Picha moja ya Landsat ina upana wa kilomita 185, na mkoa wa Tabora hauenei katika picha moja. Inabidi uunge. Lakini njia mbili za setilaiti zilizo jirani hupigwa picha kwa tofauti ya siku 7 au 9, na mwanzoni mwa kuchipua wiki moja inatosha kubadili rangi ya pori. Niliwahi kuona katika ramani iliyochapishwa kwa karatasi nzuri mstari ulionyooka kama rula, upande mmoja msitu na upande wa pili vichaka, kana kwamba Mungu alichora mpaka kutoka kaskazini hadi kusini. Hakuna mpaka hapo. Kuna Jumanne moja na Jumanne iliyofuata.

Nirudi kwenye kidole cha mjomba, kwa sababu ubishi wetu haukuishia kwenye mwezi. Nilipomaliza ramani ya pili, iliyotokana na picha za mwezi wa tano, nilimpelekea nyumbani kabla ya kuionyesha kwa mtu mwingine. Aliikubali zaidi, kisha akauliza kwa nini nimeandika "msitu" kila mahali. Kwake yeye, na kwa watu wengi wa Unyamwezi wanaozungumza Kiswahili, tunapoishi pembeni yake ni pori. Msitu ni ule uliotengwa na serikali wenye mipaka na bango, au ule mnene wa kando ya mto ambao jua halipenyi. Unaenda porini kutega mizinga. Hakuna anayesema anaenda msituni, isipokuwa anataka kukata kibali. Nilidhani ni mzaha wa maneno, lakini kila nilipofikiri niliona kwamba ameligusa tatizo kubwa la kazi hii. Msitu ni nini?

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa husema ni eneo la angalau nusu hekta, lenye miti inayofikia mita 5, ambayo mwavuli wake hufunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Tanzania, katika hesabu zake za hewa ukaa, hutumia nusu hekta hiyo na asilimia 10 hiyo, lakini kimo cha mita 3. Asilimia 10 ni kidogo sana: ukisimama mahali hapo unaona anga zaidi kuliko matawi. Kwa ufafanuzi wa aina hiyo ndipo tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, ilipohesabu hekta milioni 48.1, yaani zaidi ya nusu ya Tanzania Bara, na zaidi ya asilimia 90 ya hekta hizo ni mapori yenye miti iliyoachana kama haya yetu. Ramani ya dunia iliyochapishwa 2013 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, ambayo wengi huipakua bila kusoma maelezo, hutambua mti kuanzia kimo cha zaidi ya mita 5 na humwachia mtumiaji achague asilimia ya mwavuli. Ukichagua 10 unapata Tabora moja. Ukichagua 30 unapata nyingine. Hakuna mti uliokatwa kati ya ramani hizo mbili. Niliwaona maofisa wawili wakibishana kikaoni kwa nusu saa kuhusu nani ana takwimu sahihi, na wote wawili walikuwa sahihi.

Sitaki mjomba aonekane kama mzee wa hadithi ambaye kila alisemalo ni kweli. Katika ramani ile ile ya pili alishikilia kwamba kipande cha magharibi, karibu na magofu ya mabani ya zamani, hakijawahi kuguswa na jembe. "Hilo ni pori la tangu na tangu," alisema, na alikasirika kidogo nilipotikisa kichwa. Nilifungua picha ya miaka ya 1980. Ilikuwa na ukungu, rangi zake si nzuri, lakini viraka vyeupe vya mashamba vilionekana wazi mahali pale pale, vingi, vimepangana. Mjomba alitazama muda mrefu. Kisha akataja jina la kaka yake, marehemu, aliyewahi kulima tumbaku huko kabla hajahamia kwingine. Alikuwa amelisahau shamba hilo, au pori lilikuwa limemsahaulisha. Miombo ina tabia hiyo: ukiikata bila kung'oa visiki, huchipua upya kutoka kwenye visiki na mizizi, na baada ya miongo kadhaa mwavuli wake hufunga tena kiasi kwamba setilaiti haioni tofauti. Tofauti ipo lakini. Mashina ni membamba na yanalingana, mininga, miti ya mbao za thamani, ni michache, na mzinga ukiutundika huko, anasema mjomba, unakaa chini mno.

Mninga unanipeleka kwenye jambo ambalo ramani zangu hazina uwezo nalo, na naliandika hapa bila kulipamba. Mtu akiingia porini na msumeno, akatoa mninga mmoja katika kila hekta, picha ya mita 10 haitabadilika. Mwavuli wa jirani utaficha pengo. Mchoma mkaa akichagua miti aitakayo na kuacha mingine, ramani itaendelea kusema kijani mpaka siku mwavuli utakaposhuka chini ya ile asilimia 10, na siku hiyo ramani itatangaza kwamba msitu umepotea mwaka huu, ilhali umekuwa ukipotea kwa miaka kumi na tano. Duara jeusi la tanuri la mkaa laweza kuonekana katika picha za pikseli ndogo sana, iwapo nyasi hazijalifunika. Lakini kuni za bani za tumbaku ya mvuke hazitoki mahali pamoja, na hazina duara. Watu wakiniuliza kwa nini ramani haionyeshi uharibifu wanaouona kwa macho yao wanapopita na baiskeli, jibu langu ni kwamba macho yao yanaona mashina na mimi naona majani.

Rada hupunguza upungufu huo kwa kiasi. Haitegemei jua wala haijali wingu. Hutuma mawimbi yake yenyewe na kupokea yanayorudi. Sentinel-1, iliyoanza kazi 2014, hutumia wimbi la sentimita 5 na nusu hivi, ambalo huishia kwenye majani na vijiti vya juu. Setilaiti ya Kijapani ALOS, iliyorushwa mwaka 2006, na mwenzake wa 2014, hutumia wimbi la takriban sentimita 24, ambalo hupenya hadi kwenye matawi makubwa na mashina. Kwa wimbi hilo mti usio na majani bado ni mti. Tena udongo mkavu hausumbui mawimbi kama udongo uliolowa, kwa hiyo kwa rada mwezi wa tisa ni miongoni mwa miezi mizuri kabisa, jambo ambalo nilimweleza mjomba kwa furaha isiyofichika. Rada hiyo hushindwa kutofautisha pori zito na pori zito zaidi linapovuka tani 100 hivi kwa hekta, lakini sehemu kubwa ya miombo yetu haifiki huko. Tarehe 29 Aprili 2025 Shirika la Anga la Ulaya lilirusha setilaiti iitwayo Biomass, yenye wimbi la sentimita 70 hivi, iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kupima uzito wa miti, na nimezingojea data zake kama mkulima angojeavyo mbolea ya ruzuku.

Kigoma niliwahi kufanya kazi kwa muda mfupi, nikafika kwa treni, na nilikuta nchi inayokukosea kwa namna nyingine. Pale Gombe ardhi huporomoka kutoka kwenye ukingo wa Bonde la Ufa hadi Ziwa Tanganyika, ikitazama magharibi, na mabonde yake yana miti ya kijani mwaka mzima huku migongo ya vilima ikiwa na nyasi. Setilaiti hizi hupita saa nne hivi asubuhi, jua likiwa bado mashariki. Kwa hiyo miteremko ile inayolitazama ziwa hupigwa picha ikiwa kivulini, na kivuli, kwa kompyuta isiyoelekezwa, hufanana na msitu mnene au na maji. Inabidi kuingiza sura ya milima katika hesabu kabla ya kusema lolote.

Ni huko huko Kigoma, hata hivyo, ambako picha za setilaiti ziliwahi kufanya kazi ambayo ripoti hazikuiweza. Taasisi ya Jane Goodall, ambaye alianza kuwachunguza sokwe wa Gombe mwezi Julai 1960, ililinganisha picha ya Landsat ya 1972 na ya 1999, na mtu yeyote aliweza kuona jinsi miti ilivyoisha nje ya mpaka wa hifadhi na kubaki ndani yake. Mradi wake wa TACARE, ulioanza 1994, ulipeleka picha za pikseli ndogo vijijini, wanakijiji wakazisoma wenyewe, wakataja majina ya vijito, makaburi na mashamba, na kutokana na hizo wakapanga matumizi ya ardhi na kutenga misitu ya vijiji, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinavyoruhusu. Walinzi wa misitu waliochaguliwa na vijiji wakapewa simu za kurekodi wanachokiona wakipita porini: kisiki, mtego, kiota cha sokwe. Nilitamani ningelijua hilo kabla ya kwenda Sikonge na ramani iliyokwisha kuchorwa. Mimi nilibandika ukutani. Wao walitandika mezani.

Kuhusu kompyuta yenyewe nitasema kidogo. Njia ninayotumia mara nyingi huitwa, kwa bahati ya kuchekesha, msitu wa kubahatisha. Ilielezwa na Leo Breiman mwaka 2001, na ndani yake mamia ya miti ya maamuzi hupiga kura kuhusu kila pikseli. Hufanya kazi vizuri. Hujifunza chochote unachoifundisha, ukiwemo upumbavu wako.

Nitumie nafasi zaidi kwenye upimaji wa makosa, kwani hapa ndipo ramani nyingi zinapotuibia bila sisi kujua. Mchora ramani akimaliza, huhesabu pikseli za kila rangi, hugeuza kuwa hekta na kuandika jumla. Asifanye hivyo. Tuseme eneo lako lina hekta 100,000 za msitu, na ramani inadai kwamba hekta 5,000 zimepotea na 95,000 zimebaki. Chukua nukta 100 kwa kubahatisha ndani ya zile 5,000, uzikague kwa miguu au kwa picha kali zaidi. Tuseme 80 kweli zimepotea. Hiyo inakupa hekta 4,000. Sasa chukua nukta 200 ndani ya zile 95,000, na tuseme 4 tu kati yake zimekatwa bila ramani kujua. Nne katika mia mbili ni asilimia 2, kosa ambalo kila mtu angelisamehe. Lakini asilimia 2 ya 95,000 ni hekta 1,900. Upotevu halisi unakadiriwa kuwa hekta 5,900, na kwa idadi hiyo ndogo ya nukta, uhakika wako wa asilimia 95 unaanzia takriban 4,000 hadi 7,800. Ramani ile ile, sahihi kwa asilimia tisini na kitu, imeficha karibu hekta 2,000 ndani ya rangi ya kijani. Mtu akikuonyesha takwimu ya misitu isiyo na "kati ya hapa na pale", mwulize alikagua nukta ngapi. Akikasirika, umepata jibu.

Kukagua nukta kunahitaji miguu. Nukta zangu za Sikonge niliziendea na mjomba, yeye akiwa na panga na mimi na kifaa cha GPS, na tulitembea siku sita. Nukta moja ilianguka katikati ya ng'ombe wa watu waliohamia karibuni, nyingine juu ya kichuguu, nyingine ndani ya mbuga ambako udongo mweusi ulikuwa umeidanganya kompyuta kwamba ni eneo lililoungua. Kwa kila nukta yeye alitaja miti na mimi niliandika. Alikuwa mwepesi kuliko mimi na alilalamika kwamba njia iliyonyooka kati ya nukta mbili ni njia ya mtu asiye na akili.

Miezi kadhaa baadaye nilimtembelea tena, nikamkuta amekaa kwenye kigoda akitengeneza kamba za mizinga. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mama. Umekuja na lile dude lako?" Nilikuwa nalo. Akaniambia kwamba mwaka uliopita, kiangazi, moto uliunguza mizinga yake 11 upande wa kusini, na kwamba hadi leo haelewi ilikuwaje asiuone moshi wala asipewe habari, wakati huwa kuna mtu porini kila siku. Akataka kujua kama setilaiti inaweza kusema ni nani. Nikamwambia haiwezi, lakini labda inaweza kusema lini. Kuna chombo kiitwacho VIIRS, kilichorushwa mara ya kwanza 2011, ambacho hupita juu yetu karibu na saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku na kutambua joto la moto katika pikseli za mita 375. Orodha ya nukta hizo hutolewa bure. Nilitafuta mwezi wa nane, nikakuta nukta tatu nyekundu zimepangana kando ya kijito anachokiita chake, zote za mchana wa siku moja. Nikamsomea tarehe.

Aliacha kamba. Akahesabu kwa vidole, akarudi nyuma, akahesabu tena, akamwita mkewe kutoka jikoni ili amthibitishie siku. Shangazi akasimama mlangoni, mikono ina unga, akafikiri kidogo.

"Siku hiyo si ndiyo tulikuwa msibani," akasema. "Kijiji kizima."